Jeni ya COIII ya Trypanosoma brucei haisomeki: herufi zake ziko wapi?

HerufiTatu

Wakuu, salaam. Leo ni siku ya nne nimekwama mahali pamoja.

Ninajifunza kutumia kompyuta kutafsiri jeni kuwa protini. Nimechagua tripanosoma, kimelea cha malale kinachoenezwa na mbung'o, kwa sababu duara kubwa la DNA ya mitokondria yake lina herufi kama 23,000 tu, nikaona nitalimaliza. Nilianza na jeni ya COI (COI, COII na COIII ni jeni za vipande vitatu vya saitokromu oksidesi, kimeng'enya cha upumuaji). Mwanzoni ilinikatalia, kila baada ya hatua chache nakutana na UGA, ambayo kwenye jedwali la kawaida ni alama ya kukoma. Nikaweka jedwali la mitokondria za protozoa, ambamo UGA husomwa kama triptofani, moja ya asidi amino zinazounda protini, na COI ikafunguka yote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilifurahi sana.

Nikahamia COIII. Herufi husomwa tatu tatu, kwa hiyo nimeisoma kwa mipangilio yote mitatu (kuanzia herufi ya kwanza, ya pili na ya tatu), nikageuza uzi wa DNA nikasoma mitatu ya upande wa pili, sikupata kitu. Natoka na vipande vya protini visivyofanana na COIII ya kiumbe chochote. Eneo lenyewe ni fupi mno, haliwezi kubeba protini hiyo hata kama lingesomeka, na limejaa G kupita kiasi. Nimepakua faili mara tatu nikidhani limeharibika.

Jana nimepata mfuatano wa mRNA yake iliyokomaa, yaani nakala ya RNA inayosomwa kutengeneza protini. Ni ndefu karibu mara mbili ya jeni! Nimezoea kwamba RNA hukatwa vipande na kuungwa, lakini kukata hakuongezi urefu. Nimeona pia neno "uhariri wa RNA" bila maelezo ya kunitosha. Naomba mnisaidie mambo mawili: herufi hizo za ziada zinatoka wapi kama hazimo kwenye DNA, na nani anayejua ziwekwe wapi?

ShinaLaMti

Mkuu, faili lako ni zima. Hiyo ni sifa ya tripanosoma na ndugu zake kina Leishmania. Herufi zinazoongezwa ni U peke yake (U ya RNA ndiyo T ya DNA). Kuna RNA fupi zinazoitwa RNA elekezi, zina mkia wa U nyingi, na nijuavyo mimi mkia huo ndio unaotoa U na kuzipachika kwenye mRNA. Mwenye kujua zaidi aongezee.

Mama Slaidi

HerufiTatu mwanangu, pole kwa siku nne. Umefika mwenyewe mahali ambapo watafiti walifika miaka ya themanini, na wao pia walianza kwa kudhani wamekosea kusoma. Mimi ni mtu wa maabara, mwaka wa kumi na tisa huu natazama damu yenye tripanosoma kwenye darubini. Jambo hili nalipenda, kwa hiyo nitaandika kirefu. Univumilie.

Chukua sentensi hii: *Punda huyu hunywa maji usiku.* Sasa mpe mtu anayeogopa herufi u ainakili. Ataandika: *Pnda hy hnywa mauji sik.* Ameacha u sita, na mahali pamoja, kwenye neno maji, ameweka u isiyotakiwa. Ukiisoma hivyo ilivyo haina maana. Ila konsonanti zote zipo, na zimekaa kwa mpangilio wake. Wazee waliosoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu zisizo na irabu watanielewa haraka: jicho linaona mifupa ya neno, msomaji anajazia.

Jeni yako ya COIII ndivyo ilivyoandikwa. Ni mifupa ya G, A na C, na U chache zilizobaki, nyingine zikiwa mahali pasipo pake. Mpaka mRNA ikomae, mitokondria huongeza U 547 na kuondoa 41. Zaidi ya nusu ya herufi unazoziona kwenye mRNA hiyo hazijawahi kuandikwa kwenye jeni yake. Ndiyo maana urefu ulikushangaza, na ndiyo maana jeni yenyewe inaonekana imejaa G: T zimeachwa.

Kwenye duara hilo kuna jeni 18 za protini. COI ni mojawapo ya sita zisizohaririwa, ndiyo maana ilikufungukia. Kumi na mbili zilizobaki huhaririwa, nyingine kidogo, nyingine tangu kichwa hadi mkia. Ungeanza na COII ungeona kitu kidogo tu: herufi nne za U zimekosekana mahali pamoja, usomaji unateleza kutoka mpangilio mmoja kwenda mwingine. Hapo ndipo jambo lote lilipoanzia. Mwaka 1986 Rob Benne na wenzake kule Amsterdam waliona jeni ya COII ina mteleko huo katika *Trypanosoma brucei* na pia katika *Crithidia fasciculata*, kimelea cha wadudu. Kosa la kusoma DNA haliwezi kujirudia vilevile katika viumbe viwili. Walipoisoma RNA wakazikuta U nne ambazo DNA haina. Wakatafuta nakala nyingine ya jeni iliyo kamili, hawakuipata. Mwaka 1988 Jean Feagin, Ken Stuart na mwenzao wakaonyesha COIII hii unayohangaika nayo. U nne mtu angeweza kuzipuuza. Mamia ya U hakuna wa kuyapuuza.

Sasa swali lako la nani anayejua. Jibu lilipatikana mwaka 1990 kwenye maabara ya Larry Simpson, Los Angeles. Wao walikuwa wakishughulika na *Leishmania tarentolae*, kimelea cha mijusi. DNA ya mitokondria ya viumbe hivi haiko kama ya kwetu. Iko kwenye wavu mmoja wa maduara yaliyopitana ndani kwa ndani, kama pete za mnyororo, ila mnyororo unaosambaa pande zote. Kuna maduara makubwa machache, makumi tu, yote yakiwa nakala za lile unalolisoma. Halafu kuna maduara madogo, maelfu, kila moja kwa *T. brucei* lina herufi kama 1,000. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua haya madogo yana kazi gani. Hayabebi jeni ya protini hata moja. Kumbe ndiyo yaliyobeba RNA elekezi. Maagizo ya kurekebisha duara kubwa yametawanywa kwenye maelfu ya maduara madogo.

RNA elekezi ina herufi 50 hadi 60 hivi, na mwilini mwake kuna sehemu tatu. Mwanzoni kuna nanga: herufi chache, nane hadi kumi na mbili au zaidi kidogo, zinazooana barabara na mRNA mahali fulani. Katikati kuna maagizo yenyewe. Mwishoni kuna mkia wa U, ambao haukuandikwa kwenye DNA, huongezwa baadaye.

Nanga hushika mRNA. Mbele ya nanga, RNA mbili hizi haziendani tena. Mahali ambapo RNA elekezi ina A au G isiyo na mwenza upande wa pili, maana yake hapo panatakiwa U. Mahali ambapo mRNA ina U iliyosimama peke yake bila mwenza, maana yake hiyo iondoke. Angalia vizuri: si A peke yake inayodai U, hata G hudai, kwa sababu katika RNA G na U hukubali kushikana. Ukija kutafuta RNA elekezi kwa kompyuta huku umeruhusu A kwa U na C kwa G tu, hutazipata. Nimeshuhudia kijana mwenye akili nzuri akipoteza wiki mbili kwa hilo.

Halafu inakuja kazi ya mikono. Kuna kundi la protini lililokaa pamoja kama mashine moja. Kimeng'enya cha kwanza hukata mRNA palepale maoano ya nanga yanapoishia. Ikiwa panatakiwa U, cha pili huongeza U kwenye ncha iliyokatwa, kwa idadi ambayo RNA elekezi inaidai. Ikiwa panatakiwa kuondolewa, kingine huzitafuna U kutoka ncha hiyohiyo, moja baada ya nyingine, na kikikuta herufi iliyokwisha oana husimama. Mwisho ligasi, kimeng'enya cha kuunga, huunga ncha mbili. Ziko ligasi mbili, REL1 ambayo kazi yake kubwa ni kwenye kuondoa, na REL2 kwenye kuongeza. Ni kufumua mshono, kurekebisha, na kushona tena. Kisha sehemu iliyorekebishwa inakuwa imeoana na RNA elekezi, mashine inasogea hadi kutoelewana kunakofuata, inakata tena.

ShinaLaMti, hapa ndipo nitakusahihisha kaka, na si kosa lako, kwa sababu wazo hilo lilitolewa mwaka 1991 na watu wazito na likaandikwa sana. Mkia hautoi U. Majaribio ya maabara ya Stuart mwaka 1994 na 1996, yaliyofanywa kwenye bomba nje ya seli, yalionyesha ni kukata, kuongeza au kupunguza, na kuunga. U zinazoongezwa hutoka kwenye UTP huru, yaani U mojamoja ambazo bado hazijaungwa kwenye RNA, iliyomo mitokondriani. Mkia huelekea kazi yake ni kuishikilia sehemu ya mRNA ambayo bado haijafikiwa, ambayo imejaa G na A, ili kipande kilichokatwa kisielee kikapotea.

Jambo la mwisho kabla sijakuchosha. Kazi hii huenda kinyumenyume, kutoka mwisho wa mRNA kuelekea mwanzo. Kuna sababu nzuri: RNA elekezi ya kwanza hupata pa kushika kwenye mRNA ghafi, lakini ya pili haina pa kutia nanga mpaka ya kwanza imalize. Nanga ya pili inaoana na herufi zilizokwisha kuhaririwa. Ya tatu inasubiri ya pili. Kwa COIII zinapokezana makumi. Hakuna msimamizi anayeita zamu, kila moja inatengeneza mahali pa kusimama kwa inayofuata.

Fanya hivi uhakikishe mwenyewe. Chukua jeni, futa T zote. Chukua mRNA iliyokomaa, futa U zote. Linganisha.

HerufiTatu

Mama, nimefanya. Nimekaa kimya mbele ya kioo kwa muda.

Zimelingana herufi kwa herufi. G, A na C zote, hakuna hata moja iliyohama. Nilirudia nikidhani nimelinganisha faili na lenyewe. Kisha nikahesabu U kwa pengo, pengo moja baada ya jingine, zilizoongezwa nikaziweka safu moja na zilizoondolewa safu nyingine: 547 na 41. Ahsante sana. Nimejaribu pia na ile sentensi ya punda, nikamwonyesha mdogo wangu aijaze, akaijaza ila "mauji" ilimshinda.

Naomba niongeze maswali. Mara ya kwanza nilidhani kimelea hiki kinahitaji mitokondria kikiwa ndani ya mbung'o tu, kwa kuwa ndani ya damu kinakula glukosi na kinajitosheleza kwa hiyo. Je, kikiwa kwenye damu ya mtu au mnyama, uhariri huu bado una kazi? Na kama una kazi, mbona sisikii dawa inayoulenga?

Mama Slaidi

Umeuliza swali ambalo mimi lilinijia kupitia slaidi moja, nami nitakueleza kama lilivyonijia.

Ukipaka damu rangi ya Giemsa, tripanosoma ana madoa mawili ya zambarau. Kubwa, katikati, ni kiini. Dogo, karibu na mkia anakoanzia mjeledi, ni kinetoplasti, yaani ule wavu wa maduara niliokueleza, umekunjwa ukawa nukta. Sisi tunaosoma slaidi nukta hiyo ni rafiki yetu. Kwa *T. vivax* ni kubwa na imekaa ncha kabisa. Kwa *T. congolense* ni ya wastani na imeegemea ukingoni. Kwa *T. brucei* ni ndogo na haijafika ncha. Unaitambua aina kabla hata hujamaliza kurekebisha lenzi.

Sasa siku moja nililetewa damu ya ngamia. Vimelea wamejaa, wembamba, wazuri, kiini kinaonekana, nukta haipo. Nikasema rangi imechoka. Nikapaka nyingine, rangi mpya, haipo. Nikapaka ya tatu nikaiweka pamoja na slaidi ya zamani ya *T. brucei* kwenye bakuli moja la rangi: ya zamani imetoa nukta, ya ngamia haina. Walikuwa *T. evansi*, na hawa waliokuwa mbele yangu wamepoteza DNA ya mitokondria yote. Bila maduara hakuna cha kuhariri wala cha kuhaririwa. Na walikuwa hai, wanaogelea.

Kwa hiyo nikaamini kama ulivyoamini wewe, kwamba ndani ya damu uhariri ni mzigo tu. Nilikosea. Mwaka 2001 watafiti walizima ligasi REL1 katika *T. brucei* wa kwenye damu, na vimelea wakafa. Ni kweli akiwa damuni saitokromu, protini za mnyororo wa upumuaji, hazitumiki, hilo uko sahihi. Lakini kuna protini moja, A6, sehemu ya mashine inayotengeneza ATP (sarafu ya nishati ya seli), na mRNA yake huhaririwa karibu yote. Kwenye damu mashine hiyo huzunguka kinyume: badala ya kutengeneza ATP, inaitumia kusukuma protoni ili utando wa mitokondria ubaki na chaji. Chaji ikiisha, protini zinazotoka nje haziingii tena mitokondriani, na seli inakufa. Kwa hiyo uhariri ukisimama, A6 hakuna, chaji hakuna.

Na wale wa ngamia? Wana badiliko dogo kwenye jeni nyingine ya mashine hiyohiyo, kipande kiitwacho gama, ambayo iko kwenye kiini. Badiliko hilo linaiwezesha mitokondria kutunza chaji bila A6. Wamejikomboa na uhariri, lakini wamelipa: hawawezi tena kukua ndani ya mbung'o, ambako mnyororo wa upumuaji ni lazima. Wanabebwa tu kwenye midomo ya nzi wanaouma, kutoka mnyama hadi mnyama. Kwa njia hiyo wametoka nje ya ukanda wa mbung'o wakafika hata Asia na Amerika ya Kusini.

Kuhusu dawa, ligasi REL1 imechunguzwa umbo lake na kutafutiwa vizuizi, kwa sababu seli zetu hazina kitu kinachofanana nayo sana. Sijaona kilichofika kwa mgonjwa. Dawa za malale ulizozisikia zinapiga mahali pengine. Ila zipo dawa za mifugo zinazoliumiza duara lenyewe: homidiamu na isometamidiamu. Homidiamu ni ethidiamu ileile ambayo watu wa molekuli wanapakia jeli kuona DNA. Inajichomeka katikati ya ngazi za DNA na kuzuia maduara madogo yasinakiliwe. Na sasa rudi kwenye slaidi yangu: kimelea mwenye badiliko la gama hahitaji maduara hayo, basi dawa inayoyaharibu haimtishi. Usugu na ile nukta iliyopotea ni jambo moja. Hilo nililielewa miaka kadhaa baada ya ile slaidi, na niliinuka kwenye kiti.

NuruYaSeli

Nimefuata uzi huu wote. Naongeza kitu kimoja juu ya "kwa nini", maana watu wengi huuliza kimelea anafaidika nini na mzunguko wote huu.

Liko wazo, lililotolewa na Covello na Gray mwaka 1993, ambalo mimi linaniridhisha kuliko mengine: huenda haikuanza kwa faida yoyote. Kwanza vilikuwepo vimeng'enya vya kukata na kuunga RNA kwa kazi nyingine. Siku moja vikaweza kurekebisha herufi iliyopotea. Kuanzia hapo jeni ikipoteza T haiondolewi na mchujo wa asili, kwa sababu RNA itarekebishwa. Basi inapoteza nyingine, na nyingine. Kila inapopoteza, kurudi nyuma kunakuwa kugumu zaidi, mpaka mashine haiwezi kuachwa. Ushahidi wa upande mmoja upo kwenye maabara: aina moja ya *L. tarentolae* iliyofugwa kwenye chupa kwa miongo ilikutwa imepoteza RNA elekezi za jeni kadhaa, na jeni hizo zikabaki hazihaririki. Ndani ya chupa haikuzihitaji. Aina iliyotolewa karibuni kwa mjusi ilikuwa nazo.

Na tusidhani ni mambo ya vimelea tu. Utumbo wa binadamu hubadilisha C moja kuwa U kwenye mRNA ya apolipoprotini B, protini ya kubeba mafuta, alama ya kukoma inatokea katikati, protini fupi inapatikana. Ilijulikana mwaka 1987. Mashine ni tofauti kabisa, haina RNA elekezi.

HerufiTatu

Ahsanteni wote. Mama, moja la mwisho. Nimepakua data ya RNA yenyewe, vipande vilivyosomwa na mashine. Vingi vya COIII havilingani na jeni wala na mRNA iliyokomaa. Mwisho wake unaendana na iliyokomaa, mwanzo wake unaendana na jeni, na katikati kuna U zilizokaa ovyo, hazipo popote. Nivitupe?

Mama Slaidi

Usivitupe mwanangu. Umezikuta mRNA zikiwa kazini. Mwisho umekwisha kuhaririwa, mwanzo bado, na hapo katikati pa ovyo ndipo mashine ilipokuwa imefikia. RNA nyingi za jeni kama hii ukizikamata wakati wowote ziko katika hali hiyo. Panga vipande vyako kwa urefu wa sehemu iliyokwisha kuhaririwa, kuanzia kifupi hadi kirefu, uone vinasimama wapi kwa wingi. Kisha angalia kama vituo hivyo vinalingana na mahali RNA elekezi moja inapoishia na nyingine kuanza. Ukikwama tena, weka picha ya jedwali lako hapa nitazame.